Picha za Pwani Zilizunguka Dunia, Sasa Wenyewe Washike Kalamu

Ufukweni mwa kisiwa cha Floreana, katika visiwa vya Galápagos nchini Ekwado, kuna pipa la mbao linalofanya kazi ya posta. Wavua nyangumi ndio walioanza desturi hiyo karne ya 18: meli iliyokuwa ikielekea baharini kwa safari ndefu iliacha barua zake hapo, na meli iliyokuwa ikirudi nyumbani ikazichukua. Siku hizi wanaofika ni watalii. Mgeni huacha kadi yake bila stempu, kisha hupekua zilizoachwa na waliomtangulia, akitafuta yenye anwani ya mji ulio jirani na kwao. Akiipata huondoka nayo, na akirudi humpelekea mwenyewe mkononi, mtu asiyemjua kabisa.

Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo wala anayelazimishwa. Watu huifanya kwa sababu kufikisha salamu ni jambo jema, na kwa sababu kuletewa kadi iliyotoka upande wa pili wa dunia ni furaha ambayo simu haijaweza kuitoa.

Mwezi Julai 2005 kijana wa Kireno, Paulo Magalhães, aliiwekea hamu hiyo utaratibu. Alikuwa mwanafunzi aliyependa kupokea kadi za posta, na alijua kwamba wapo wengine wengi wenye kiu kama yake ila hawajuani. Akaunda tovuti ya Postcrossing na kuiendesha kwa kompyuta iliyokuwa nyumbani. Miaka mitatu haikuisha, kadi milioni moja zikawa zimefika kwa wenyewe. Leo zimepita milioni 70, na wanachama wametawanyika katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Uholanzi iliutolea uraibu huo stempu yake maalumu mwaka 2011, na nchi kadhaa zikafuata, zikiwemo Finland na Belarus.

Jinsi unavyoendeshwa ni rahisi kuelewa. Mwanachama huomba anwani, na mfumo humchagulia mtu bila kuangalia nchi, umri wala kazi: leo mwalimu mstaafu wa Finland, kesho mwanafunzi wa Taiwan. Hupewa pia namba ya kadi inayoanza na herufi za nchi yake, TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, UG kwa Uganda. Huandika, hubandika stempu na kutuma. Kadi ikifika, mpokeaji huiandikisha namba ile, na hapo aliyetuma huingia kwenye zamu ya kupokea kadi kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Anayemwandikia mtumaji siye yule ambaye mtumaji alimwandikia, kwa hiyo hakuna kudaiana. Anayeanza huruhusiwa kuwa na kadi tano tu njiani kwa wakati mmoja, na idadi huongezeka kadiri anavyoendelea kutuma.

Ujerumani, Marekani, Taiwan, Uholanzi na Finland ni miongoni mwa nchi zenye watumaji wengi. Afrika Mashariki huonekana kwa nadra. Uchache huo si jambo dogo. Kwa zaidi ya karne moja sura za eneo hili zimezunguka dunia juu ya kadi za posta, lakini maneno yaliyoandikwa nyuma ya kadi hizo yalikuwa karibu yote ya wageni. Mlango wa kubadili hali hiyo uko wazi, na ada yake ni kadi moja na stempu moja.

Kadi ya posta ilizaliwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Januari 1869 mwanauchumi wa Austria, Emanuel Herrmann, aliandika katika gazeti la Neue Freie Presse la Vienna kwamba barua nyingi ni fupi, na kwamba kuzitia kwenye bahasha na kuzijaza maneno ya heshima ni kupoteza muda na fedha. Oktoba mosi mwaka huo huo posta ya Austria-Hungaria ikatoa kadi ya kwanza, kipande cha karatasi ngumu kisicho na picha, kwa kreuzer mbili wakati barua ilikuwa kreuzer tano. Katika miezi mitatu ziliuzwa karibu milioni tatu. Miaka minne kabla yake, ofisa wa posta wa Prussia, Heinrich von Stephan, alikuwa amependekeza jambo kama hilo na kukataliwa. Miongoni mwa hofu za wakubwa ni kwamba ujumbe ungesomwa na kila mtu. Wananchi hawakulijali hilo, maana walitaka salamu ya bei nafuu.

Von Stephan huyo huyo alikuwa mstari wa mbele katika kuundwa kwa Umoja wa Posta Duniani, mkataba wake ukitiwa saini mjini Bern tarehe 9 Oktoba 1874. Umoja huo ulizifanya nchi wanachama kuwa eneo moja la posta, ambamo barua ya nchi moja hupita katika nchi nyingine bila kuzuiwa. Ndiyo maana hadi leo stempu ya Tanzania iliyobandikwa Mbeya inatosha kuifikisha kadi kijijini Norway, bila posta ya Norway kumdai mpokeaji stempu nyingine.

Picha zilikuja kutawala baadaye. Mwanzoni sheria za posta zilitaka upande mmoja mzima uwe wa anwani peke yake, hivyo mtumaji alibana maneno yake pembeni mwa picha. Uingereza iliugawa upande huo mara mbili mwaka 1902, nusu ya anwani na nusu ya maneno. Marekani ikafanya hivyo mwaka 1907. Upande wa mbele ukaachiwa picha, na kadi zikaenea kila bandari.

Zanzibar ilikuwa mojawapo ya bandari hizo. Meli zilileta abiria waliotaka kuwaonyesha jamaa zao walikofika, na studio za wapigapicha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes, Coutinho na P. de Lord, ziliwahudumia. Kadi zao zilionyesha jumba la Beit al-Ajaib, bandari iliyojaa majahazi, vichochoro vya Mji Mkongwe, milango ya nakshi, wachukuzi, na wanawake waliovaa kanga. Ni kazi ya ustadi. Wanahistoria wa leo huzitazama ili kujua mavazi, majengo na biashara za pwani zilivyokuwa.

Lakini yasomwe maelezo yaliyochapwa chini ya picha hizo. Jengo lina jina na bandari ina jina. Mwanamke aliyekaa mbele ya kamera mara nyingi hana: ametajwa kwa kabila lake, au kwa kazi, au kwa kuitwa mwenyeji tu. Kadi iligeuzwa, mgeni akaandika habari za joto na za safari yake, kisha ikaenda Hamburg, London au Bombay. Aliyepigwa picha hakupewa nafasi ya kuandika hata neno moja juu ya mji ambao yeye ndiye aliyeujua.

Mtazamo huo haujaondoka kabisa kwenye maduka ya zawadi, kuanzia Mji Mkongwe hadi Arusha na Nairobi. Kadi ni zile zile: simba nyikani, tembo mbele ya Kilimanjaro, Mmasai akiruka, jahazi wakati wa machweo. Michoro ya Tingatinga, iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, imeleta rangi na mkono wa mwenyeji, na inastahili sifa kwa hilo. Wanyama na mlima si aibu, ni fahari. Kinachokosekana ni watu katika maisha yao wenyewe: stendi ya daladala alfajiri, wazee kwenye bao, mama lishe na sufuria zake, wavuvi wakivuta jarife, uwanja uliofurika siku ya Simba na Yanga, matatu ya Nairobi yenye michoro ubavuni, bodaboda wa Kampala kwenye foleni ya magari. Mpokeaji wa Japani au Poland amekwisha kuona tembo kwenye televisheni. Stendi ya Mbagala hajaiona.

Asidhani mtu kwamba kusalimiana na wasiojulikana ni tabia ya kuazima. Kwa miongo mingi wasikilizaji wa redio nchini Kenya na Tanzania walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya jamaa, marafiki na wasikilizaji wenzao ambao hawakuwahi kuwatia machoni, wakaongeza ujumbe mfupi na kuzipeleka redioni zikasomwe hewani. Wapo watuma salamu waliojulikana nchi nzima kwa majina ya kujipachika. Waliunda vikundi, wakatembeleana, wakachangiana katika harusi na misiba. Urafiki wa kweli ulianza kwa jina lililosikika redioni.

Idhaa za Kiswahili za nchi za nje nazo zilitegemea posta. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Radio Peking mwaka 1961, Deutsche Welle mwaka 1963. Wasikilizaji wa bara na visiwani waliziandikia barua nyingi, na kwa desturi ya redio za masafa mafupi, vituo vilimrudishia msikilizaji kadi ya kuthibitisha kwamba matangazo yamesikika huko aliko. Magazeti yalikuwa na safu za marafiki wa kalamu: jina, umri, sanduku la posta, na mstari wa mapendeleo ambamo kubadilishana kadi na stempu kulikaa kando ya kusikiliza muziki na kucheza mpira. Watu waliokua wakizisoma safu hizo wengi wao hawajafika hata uzeeni. Hawahitaji kufundishwa, wanahitaji kukumbushwa.

Wapo watakaouliza ya nini kadi, na simu iko mkononi. Swali lina haki ya kujibiwa. Ujumbe wa simu husomwa, kisha husukumwa chini na mwingine, na jioni haukumbukwi. Kadi imeshikwa na mikono ya aliyeituma; ina mwandiko wake, stempu ya nchi yake na muhuri wenye tarehe, na mwenye kuipokea hukaa nayo miaka. Kuna jambo kubwa zaidi. Mitandao ya kijamii humletea mtu wale anaofanana nao na mambo ambayo tayari anayapenda. Kubadilishana kadi kwa bahati nasibu humpeleka kwa yeyote: mzee, mtoto, mkulima, nesi, mtu wa dini nyingine na siasa nyingine. Kwa muda wa kuandika sentensi sita, analazimika kumfikiria mtu huyo na kutafuta la kumwambia.

Kwamba kipande kidogo cha karatasi kinaweza kubeba mazito, Frank Warren wa Marekani amelithibitisha. Mwaka 2004 aligawa kadi 3,000, akiwaomba watu asiowajua wamwandikie siri moja ambayo hawajawahi kumwambia mtu, bila kutaja jina. Kazi hiyo, inayojulikana kama PostSecret, imekusanya zaidi ya kadi milioni moja. Watu walimwamini mgeni kwa mambo ambayo hawakuwaambia ndugu zao.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi. Kadi na stempu ya ng'ambo, vikijumlishwa, ni fedha inayoonekana kwa mwanafunzi au kwa kijana asiye na ajira. Hakuna sababu ya kuanza kwa kasi. Kadi moja kwa mwezi inatosha kumfanya mtu awe mshiriki kamili, na kwa kuwa anayetuma ndiye anayepokea, hakuna fedha inayopotea bure. Mwenye kipaji cha kuchora anaweza kutengeneza kadi yake kwa karatasi ngumu. Kadi ya mkono huthaminiwa na wapokeaji wengi kuliko ya dukani.

Usalama nao usidharauliwe. Kumpa mtu asiyejulikana anwani ya nyumbani kunatia wasiwasi, na wasiwasi huo ni wa busara. Hapa desturi ya sanduku la posta, ambayo wengine huiona kama udhaifu wa mfumo, ni kinga: mgeni wa mbali hupata S.L.P. na jina la mji, basi. Familia, shule au ofisi inaweza kutumia sanduku moja. Nchini Kenya huduma ya MPost huifanya namba ya simu kuwa anwani ya posta, na Shirika la Posta Tanzania lina Posta Kiganjani inayofuata njia hiyo hiyo. Kwa wanaotaka kuletewa nyumbani, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa ya Tanzania majina na nyumba namba. Watoto washiriki chini ya uangalizi wa mzazi au mwalimu. Na yeyote anayeombwa fedha au zawadi na mtu aliyemjua kwa kadi akatae, kama ambavyo angekataa kwenye simu.

Kuchelewa je? Kadi kutoka Afrika Mashariki inaweza kuchukua wiki nyingi. Mwaka 2020, ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona, njia nyingi za posta zilifungwa kabisa, na tangu 2022 vita vya Ukraine vimeifanya baadhi ya mipaka isipitike kwa barua. Waendeshaji wa Postcrossing walilizingatia tatizo la kuchelewa mapema: kadi isiyofika kwa siku 60 haimzuii tena mwanachama kutuma nyingine, na ikifika baadaye, ndani ya mwaka, bado inaweza kuandikishwa. Asiyeweza kungoja hatafurahia uraibu huu. Anayeweza atagundua kwamba kungoja ni sehemu ya utamu wake.

Hatari halisi iko kwingine. Denmark imekuwa na posta ya taifa tangu 1624, lakini shirika la PostNord liliamua kuacha kabisa kusambaza barua nchini humo mwishoni mwa 2025, baada ya idadi ya barua kushuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000. Masanduku mekundu ya barabarani yaling'olewa, na kazi ya barua ikaachiwa kampuni binafsi. Nchi tajiri, yenye posta ya karne nne, imefikia hapo. Huduma isiyotumiwa hufungwa, na ikifungwa hairudi kwa urahisi. Afrika Mashariki ina kila sababu ya kulitazama hilo kwa makini, kwa kuwa Umoja wa Posta wa Afrika, PAPU, ulioundwa mwaka 1980, una makao yake makuu Arusha, katika jengo refu jipya lililozinduliwa mwaka 2023.

Mashirika ya posta yana la kufanya, tena si la gharama kubwa. Mwezi Oktoba una siku mbili za kuanzia. Tarehe mosi ni Siku ya Kadi ya Posta Duniani, inayoadhimishwa kwa kumbukumbu ya ile kadi ya Austria, na tarehe 9 ni Siku ya Posta Duniani. Muhuri maalumu kwenye madirisha ya posta kuu za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa na Kampala ungewavuta wakusanyaji wa ndani na nje. Bei ya stempu ya kadi ya ng'ambo ibandikwe ukutani mahali inapoonekana, kijana asiogope kuuliza. Na kadi zenyewe ziuzwe pale pale dirishani, kwa bei ya mwenyeji badala ya bei ya mtalii.

Wapigapicha vijana wanaweza kuiona hii kuwa soko. Picha nzuri ya mtaa wa Kariakoo, ya soko la samaki la Malindi au ya mashua za Kisumu inaweza kuchapwa kadi mia katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha mjini. Nyuma yake liandikwe jina la mpigapicha, jina la mahali na, kwa ridhaa yake, jina la mtu anayeonekana. Hilo la mwisho ndilo walilonyimwa waliopigwa picha zamani.

Shule nazo zisiachwe nyuma. Duniani wapo walimu wanaotumia kadi za posta kufundishia jiografia na uandishi, kila kadi ikichomekwa kwenye ramani ya ukutani mahali ilikotoka. Darasa la wanafunzi arobaini linaloshirikiana kutuma kadi moja au mbili kwa mwezi halibebi mzigo mkubwa, na mwanafunzi aliyeshika mkononi kadi kutoka Lithuania hataisahau Lithuania iliko.

Kuhusu lugha, Kiingereza ndicho cha mawasiliano ya pamoja kati ya wanachama, na ni haki mpokeaji aelewe. Hilo halizuii Kiswahili. Wanachama wengi hupenda kuona mistari ya lugha ya mtumaji, tafsiri ikiwa chini yake. UNESCO ilikitengea Kiswahili siku yake, tarehe 7 Julai, kwa azimio la mwaka 2021, na inakadiria wazungumzaji wake kuwa zaidi ya milioni 200. Lugha yenye watu wengi hivyo inastahili kuonekana kwa mwandiko wa mkono katika nyumba za Osaka, Toronto na Kraków. Msambazaji wa kwanza anaweza kuwa yeyote mwenye kalamu.

Basi msomaji anunue kadi moja wiki hii. Achague yenye picha ya mahali anapopajua vizuri. Aandike jina la mahali hapo, jambo moja la kweli ambalo mtalii asingeliona, na salamu ya Kiswahili, kisha ajiandikishe Postcrossing, apewe anwani na aitume. Mpokeaji atakuwa ameisikia pwani, au bara, au ziwa, kutoka kwa mtu wa huko.